Mtani Aliyekuja Kumzika Mama

Mke wa mwanangu ni mtu mwema, ila chai yake lazima aitie mchaichai. Juzi alinimiminia kikombe, nikakisogeza pembeni. "Mama, hupendi?" Nikamwambia sipendi, basi. Hakuuliza zaidi, ananijua. Mimi nikisema sipendi nimemaliza. Lakini alipokiondoa kikombe, harufu ilibaki mezani, na mimi nikabaki nayo mpaka kuku wakaingia bandani.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Mchaichai kwangu si chai. Ni chumba cha mama yangu huko juu Mgeta, dirisha limezibwa kwa gunia, na bibi anachemsha majani yale asubuhi na jioni ili mvuke ufunike harufu nyingine ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitaja.

Shule niliishia darasa la tatu, nasema wazi. Nyumba ninayokaa hapa Morogoro mjini nimeijenga kwa njegere na kabichi, na waliosoma ni wapangaji wangu. Kwa hiyo msitegemee mapambo. Nitasema kama nilivyoona.

Kilikuwa kipindi kile cha ruksa, kilipokuwa kinaanza. Mtakumbuka: sabuni ilirudi madukani, mitumba ikapanda milimani kwa marobota, na wanunuzi wa mboga wakawa wanakuja wenyewe na malori yao, hawamuulizi mtu. Mama alikuwa katika wanawake wa mwanzo kuuza kwa wanunuzi hao. Jina lake Skolastika, watu wakimwita Skola. Alikuwa mwanamke wa sauti. Akiwa shamba la ng'ambo ya bonde, aliweza kuzungumza na bibi aliyekaa jikoni, na bonde zima likajua leo tunakula nini.

Baba alikuwa na mke mwingine huko chini kwenye mashamba ya miwa. Sikumlaumu na simlaumu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, shamba ni la upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wetu ni Fidelis, kaka yake mama. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, lakini neno lake likishatoka halirudi.

Basi sauti ya mama ikaanza kupungua. Kwanza akaacha kubeba tenga kichwani, akawa anasema mkono unauma. Kisha mjomba akampeleka kwa mganga ng'ambo ya mlima, akarudi amefungwa kitambaa kifuani. Kisha hakutoka tena. Bibi akaniita, akanishika sikio bila kulivuta, akasema, "Mama yako yuko ndani. Wanaume wasiingie, wageni wasiingie, na wewe usiende kutangaza kwa watu."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kichwa changu cha mtoto kilipokwenda upande. Kwetu Uluguru msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Haoni jua, wanaume hawamwoni, anapikiwa, anapakwa dawa na mafuta, na mtoto mdogo anaambiwa maneno yale yale: yuko ndani, usitangaze. Mwaka uliotangulia alikuwa amewekwa dada yangu Asteria, binti wa mama mkubwa. Alikaa ndani wee, akatoka amenenepa, ngozi inang'aa kama yai, akabebwa mabegani, na ngoma ikalia mpaka miguu ikawaka moto. Mimi nilipoona dirisha limezibwa, chakula kinapelekwa, bibi anaingia na bakuli la dawa, sikuwa na swali. Mama amekuwa mwali. Kwa nini mtu mzima awe mwali mara ya pili sikujua, lakini watu wazima walikuwa na mambo mengi ambayo sikuyajua.

Nikaanza kumsubiri atoke. Nilicheza peke yangu nyuma ya nyumba, najizoeza ngoma ya kumtoa. Nilijiuliza nani atambeba mabegani, maana mama alikuwa mzito. Usiku nilimsikia akiugulia, nikadhani anafundishwa nyimbo.

Siku ya gulio bibi akanitwisha njegere nizipeleke kwenye kituo cha malori. Huko alikuwepo Bi Zena.

Bi Zena alikuwa mnunuzi kutoka mjini, Muislamu, Mluguru mwenzetu wa upande wa Matombo, mnene, mwenye kidani cha shanga na mdomo ambao haukuwa na mlango. Siku hiyo alikuwa anapimisha magunia. Kijana mmoja mpakiaji, mgeni wa milima yetu, akamwangalia kifuani akacheka.

"Bi mkubwa, leo upande mmoja umehama."

Kweli, alipoinama kufunga gunia, ziwa lake la kushoto lilikuwa limepanda karibu na shingo. Bi Zena akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa furushi la kitambaa lililoshonwa vizuri, akaliweka juu ya mizani.

"Haya, pima. Niambie kilo ngapi."

Mshale wa mizani haukutikisika.

"Umeona? Halina uzito. Lenyewe walilikata Dar, lilikuwa na kansa. Kwetu Matombo, jina lenyewe maana yake maziwa, hata milima inayo mawili, mimi nimebaki na moja na bado napanda lori. Sasa pakia magunia, au na wewe unataka kukatwa kitu?"

Wakaangua kicheko, na kijana naye akacheka, akabeba gunia haraka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia neno kansa. Nilidhani ni ushuru. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema ukishuka Dar na mboga wanakukata ushuru; nikajua kumbe wasipokuta mboga wanakata ziwa.

Bi Zena akaniona nimeduwaa.

"Wewe si mtoto wa Skola? Shikamoo imebaki nyumbani?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mtani. Mama yako yuko wapi? Msimu mzima sijasikia kelele zake. Masikio yangu yamepona."

"Yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani. Ni mwali."

Pale kituoni walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya kabichi. Bi Zena naye alicheka, mabega yakimtikisika. Kisha kicheko kikamwisha mapema kuliko wenzake. Akaniinamia.

"Mwali, eeh? Na dawa anapakwa wapi?"

Nikajigusa kifuani, hapa.

Akalichukua furushi lake kwenye mizani, akalirudisha mahali pake, akamwambia dereva, "Lori lisubiri." Dereva akalalamika mboga zitanyauka. "Zinyauke," akasema. "Twende, mtani. Nionyeshe njia."

Njia ya kwetu ni ya kupanda, na si kupanda kwa mchezo. Bi Zena alisimama kila kona, anahema, anawatukana mababu zetu kwa kuchagua kuishi karibu na Mungu. Tulipoukaribia uwanja wetu alinyamaza. Akajifunga kanga kiunoni, akachota majivu pembeni ya jiko la nje, akajipaka usoni. Halafu akapiga yowe.

"Uwiii! Skola amekufa! Skola ametuacha! Watani njooni tuzike!"

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Ukoo wetu na ukoo wa Bi Zena ni watani tangu zamani. Tukifiwa, wao ndio wanachimba kaburi, wao ndio wanaiga mwendo na maneno ya marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako wote. Lakini mtani kuja kumzika mtu aliye hai, hilo hata wazee walikuwa hawajaliona.

Mjomba Fidelis akatokea nyuma ya nyumba, jembe mkononi, anakimbia.

"Zena! Nani amekufa hapa?"

"Skola. Leteni jembe nichimbe. Ah, unalo tayari, Mungu akubariki."

"Skola hajafa!"

"Hajafa? Gulioni haonekani. Kanisani haonekani. Dirisha lake limevaa gunia. Watu wakipita hapa wananong'ona. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa maiti. Nipeni maiti yangu nikaioshe."

"Zena, jambo hili ni la ukoo."

"Na mimi ni mtani wa ukoo. Sogea, unaziba mlango."

Mjomba hakusogea. Basi Bi Zena akafanya lile ambalo watani hufanya msibani: akaanza kumwiga mama. Akatembea kama mama, kiuno kimekaza, shingo ndefu, akaweka mikono mdomoni akapiga kelele kuelekea bondeni, "Mamaa! Maharage hayooo! Usitie chumvi nyingiii! Jana ilikuwa kama baharini!"

Bibi alitoka na kijiko mkononi, hajui acheke au alie. Na kutoka chumbani nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua za vuli: mama anacheka. Kicheko kikavu, kikakatika kwa maumivu, kikaanza tena. Kisha sauti yake:

"Zena, mbwa wewe! Mimi sitembei hivyo!"

"Maiti inajibu!" Bi Zena akampita mjomba chini ya mkono wake kama vile alikuwa mwembamba, akaingia. Nami nikaingia nyuma yake, nimeshika pindo la kanga yake.

Ndani palikuwa na giza na mvuke wa mchaichai. Kitu cha kwanza alichofanya Bi Zena ni kulivuta lile gunia dirishani. Mwanga uliingia wote kwa mpigo mmoja. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, na hakuwa amenenepa. Hakuna ngozi ya kung'aa. Mabega yalikuwa ya mtu mwingine.

Nilidhani Bi Zena atamwambia afungue kitambaa. Hakumwambia. Alifungua vifungo vyake mwenyewe, akaweka furushi lake juu ya kitanda, akasimama kwenye mwanga. Upande wa kushoto palikuwa bapa kama kifua changu, na kovu limepita kutoka kwapani mpaka katikati, limekunjamana kidogo pale mwisho kama mshono wa gunia.

"Angalia," akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida, bila utani. "Shika kama unataka. Haling'ati mtu."

Mama akanyoosha kidole. Akaligusa kovu lile polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

"Peke yako! Skola, kule Dar tulijaa wodi nzima. Wahaya, Wazaramo, Wagogo, mke wa mwalimu, mama lishe. Jioni tunakaa barazani, tukihesabu maziwa na vichwa, havilingani, tunacheka mpaka nesi anatufukuza. Mmoja anasema mimi lilianza kama punje ya njegere, mwingine anasema mimi lilianza kama goroli. Hapo ndipo nilipopata nguvu. Dawa ilifanya kazi yake, lakini midomo ya wale wanawake ndiyo iliyonifanya nile."

"Na wote walipona?"

"Hapana. Siwezi kukudanganya. Wa kitanda cha jirani, mwanamke wa Kisaki, alikufa nimemshika mkono. Lakini alikufa anaongea na watu. Hakufa amezibiwa dirisha." Akakaa kitandani, kamba zikalia. "Sasa wewe. Nionyeshe."

Mama akafungua kitambaa. Niliona. Chale za mganga zilikuwa zimekataa kupona, na chini yake palikuwa na uvimbe mgumu, ngozi imevutwa ndani kama kitovu. Hapo nikajua mama si mwali. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, na ngoma yangu yote ya nyuma ya nyumba ikaniishia miguuni.

Mjomba alikuwa amesimama kizingitini, ametupa mgongo kwa heshima ya dada yake. Akazungumza akiangalia nje.

"Zena, usinione mkatili. Kwetu ukoo unapita kwa mwanamke. Ikisikika kwamba wanawake wa nyumba hii wanaoza maziwa, nani atakuja kuoa hapa? Nina wapwa wa kike. Huyo mdogo aliyekushika kanga ni mmoja wao."

"Fidelis, Skola akifa ukoo utapita wapi? Kwako? Utanyonyesha wewe?"

Bibi ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo na kijiko. Mjomba hakucheka. Alikaa chini pale kizingitini, jembe magotini. Angeweza kumkatalia mama kwenda Dar. Neno la mjomba hata mtani halilifuti. Mtani anaweza kulitikisa tu. Sisi wote ndani tulikuwa tunautazama ule mgongo.

Hakusema ndiyo. Mama ndiye aliyesema. "Mama, nipe kitenge changu cha kanisani." Bibi akampa. Akavaa taratibu, mkono wa kushoto haupandi, Bi Zena akimfunga kwa nyuma. Alipofika kizingitini akasimama juu ya kaka yake. "Kaka, nipishe." Mjomba akainuka. Akaingia ndani, akatoka amebeba kifurushi cha nguo za mama, akatangulia mbele yetu kwenye njia ya kushuka. Mpaka leo sijamsikia mtu akieleza vizuri zaidi kwa mdomo kile mjomba alichoeleza kwa kubeba.

Kituoni watu wote walimwona. Wale waliocheka asubuhi wakatukodolea macho. Bi Zena akawafokea, "Mnashangaa nini? Ana kansa ya ziwa, anakwenda kutibiwa. Msaidieni kupanda!" Yule kijana mpakiaji alimnyanyua mama mpaka kiti cha mbele kama anabeba mayai. Lori likashuka na kabichi zake, nusu zimenyauka.

Mama alikaa Dar mpaka baridi ikapita. Alirudi amekonda, kifua kimeungua na kuwa cheusi kwa mionzi, na bapa upande mmoja. Sauti ilirudi naye. Jioni ya kwanza aliita kutoka kona ya mwisho ya njia, nasi tukamsikia jikoni. Nataka mjue pia kwamba aliishi baada ya hapo miaka ambayo hakuna mtu aliyeitegemea, akanifundisha biashara, akaniona nikiolewa na nikiachika na nikinunua kiwanja. Ugonjwa ulirudi baadaye, ukamchukua. Alikufa dirisha liko wazi, amezungukwa na wageni, anabishana. Bi Zena alikuja kumzika kwa kweli, na hakuiga kitu. Alikaa tu.

Lakini aliporudi kutoka Dar si wote walimpokea. Wapo waliokataa chakula chake, wakidhani inaambukiza. Mke wa mjomba, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, ndiye aliyezidi. Mama akikaa, yeye anainuka. Akipita, yeye anajifunga kitenge mpaka kooni na kuangalia pembeni. Bibi alisema roho mbaya. Nami niliamini hivyo, nikawa simsalimii vizuri.

Siku moja tulikuwa mtoni tunaosha karoti za kupeleka Dar. Wanawake walikuwa wengi, kila mmoja na jiwe lake. Kwetu mtoni mwanamke akiona joto huvua blauzi, wala si habari. Mama hakuwa amevua tangu arudi. Siku hiyo alivua. Akaitundika blauzi kwenye kichaka, akainama na karoti zake kama kawaida, kovu lote juani.

Maji tu ndiyo yalikuwa yanaongea. Wawili wakasogeza matenga yao chini zaidi. Mama akaendelea kusugua.

"Tangazeni basi," akasema bila kuinua kichwa. "Walikata hapa. Kansa. Anayetaka kuuliza aulize, karoti ni nyingi leo."

Hakuna aliyeuliza. Mmoja mmoja wakamaliza, wakapanda na matenga. Mwishowe tukabaki sisi na mke wa mjomba, upande wa pili wa maji. Tenga lake lilikuwa limekwisha zamani, lakini alikuwa anaosha tena karoti zilizokwisha kuoshwa.

"Wifi," akasema. "Inauma?"

"Kukatwa kunauma. Kukaa ndani kuliuma zaidi."

Mke wa mjomba akavuka maji na nguo zake, hakujali kulowa. Akapiga magoti mbele ya mama. Akaushika mkono wa mama, umelowa, una udongo wa karoti, akauingiza chini ya kitenge chake, akautuliza mahali pamoja kifuani. Mama alifumba macho, vidole vikitembea polepole chini ya kile kitambaa, nami nikaona uso wake unabadilika, kisha unatulia.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe ulipokuwa ndani."

"Kaka anajua?"

Akatikisa kichwa.

Mama akachukua blauzi yake kichakani, akaivaa. Akamshika mkono mke wa mjomba, akamwinua. "Lori linashuka kesho," akasema. "Twende tukamwambie sasa hivi. Nitaongea mimi, wewe simama tu karibu yangu."

Wakapanda njia wameshikana, nguo zao zinachuruzika, hawakuangalia nyuma. Waliniachia matenga yote mawili. Nikainama nikaendelea kuosha.